Mama Elesi NyaMhango, Mwalimu Aliyepanda Mimbarini

Marehemu Mama Elesi NyaMhango alizaliwa tarehe 14 Agosti 1948 katika kijiji cha Mphalasa, wilaya ya Rumphi, kaskazini mwa Malawi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yona Mhango na Bi. Tafwachi NyaLuhanga.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na huko ndiko alikoimeza Biblia. Ukimtajia mstari, alikutajia uliotangulia na unaofuata, kisha akakusahihisha ulipokosea. Alihitimu ualimu mwaka 1967, akafundisha darasa la kwanza hadi alipostaafu. Wengi mnaosoma karatasi hii, yeye ndiye aliyewashika mkono mkaandika herufi ya kwanza. Msijifanye mmesahau!

Tarehe 5 Septemba 1970 alifunga ndoa na Mzee Yesaya Gondwe, mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa. Walipendana, na hawakuona haya ionekane.

Kanisani petu enzi hizo mimbari ilikuwa ya wanaume. Hata Jumapili ya akina mama, mwanamke alihubiri akiwa chini, kando ya meza. Mwaka 1989 zamu ya Mama Elesi ilipofika, aliipita meza, akapanda mimbarini, akafungua Biblia. Lo! Akahubiri hadi mwisho. Wiki hiyohiyo baraza la wazee likawaita yeye na mumewe.

“Gondwe,” alisema mwenyekiti, Mzee Chawinga, “Paulo kasema mwanamke anyamaze kanisani. Wewe ndiye kichwa cha mkeo. Mrudishe chini, la sivyo uzee wako wa kanisa basi.”

Mama Elesi akadakia, “Baba, Paulo huyohuyo alimsifu Fibi, mhudumu wa kanisa. Alimsifu kwa kunyamaza?”

“Sikukuuliza wewe, mama!”

Ndipo Mzee Yesaya, mtu wa maneno machache, akasimama. “Wazee wangu, mmesema mimi ndiye kichwa. Haya, kichwa kimeamua. NyaMhango, mwakani panda tena. Sasa nani hapa atamfundisha mke wangu kumwasi mumewe?”

Walimvua uzee palepale. Miaka kumi na mmoja alikaa benchi la nyuma, wenzake wakimcheka kwamba ametawaliwa. Mama Elesi aliumia, akalia, akataka kuacha kupanda mimbarini.

“Ukiacha, nitakuwa nimevuliwa bure,” mumewe alimwambia.

Hakuacha. Mwaka 2000 kanisa lilipokubali wazee wanawake, alichaguliwa wa kwanza. Akakataa katakata kuwekewa mikono mpaka mumewe arudishwe. Waliwekewa mikono siku moja, wamepiga magoti pamoja. Tulijivuna, na hadi leo tunajivuna.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, na mwaka 2021 akakatwa mguu. Tangu hapo wanaume wa kanisa walimbeba na kiti chake hadi mimbarini, Mzee Chawinga akifoka kutoka benchini, “Polepole, vijana! Mkimwangusha mama mtanitambua!” Alifariki hospitalini tarehe 3 Mei 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, Mzee Yesaya. Watoto wanne, Mabvuto, Tiwonge, Wezi na Lusungu. Wajukuu kumi na wanane na vitukuu wawili.

Mahubiri ya mazishi haya yatatolewa mimbarini na binti yake, Mchungaji Tiwonge NyaGondwe. Hakuna aliyelazimika kumwombea ruhusa.

Pumzika kwa amani, Mama, kwa Bwana uliyemhubiri.