Ukurasa Niliougeuza Magharibi

Assalaamu alaykum, waumini wenzangu. Imamu ameniomba niseme neno la shukrani leo birika letu la udhu linapofunguliwa upya. Nitalisema, lakini kwanza nitayasema yasiyo ya shukrani, kwa mpangilio wa yalivyotokea.

Mnanijua. Nilikuwa katibu wa kituo cha afya upande wetu huu wa mpaka, hapa Namoto, mpaka nilipostaafu. Wakati wa kipindupindu niliandika kitabuni kila mgonjwa aliyeletwa: jina, umri, mtaa, siku. Ugonjwa ulipopita akaja daktari mmoja, mtafiti kutoka mjini. Sitamtaja. Alipiga picha kurasa zangu zote, akanywa chai yangu, akaenda zake.

Makala yake ikatoka katika jarida la ng'ambo, kwa Kiingereza, na mwishoni akanishukuru kwa jina langu kamili. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilivimba kichwa. Nilizunguka na karatasi ile dukani, barazani, mpaka hapo mlangoni. Yaliyotangulia jina langu sikuyaelewa hata neno moja.

Mwalimu mmoja aliyesomea Tanzania, anayejua Kiingereza, ndiye aliyeisoma yote. Akanivuta pembeni.

"Mzee, umeisoma hii?"

"Nimesoma panaponihusu."

"Basi pote panakuhusu. Anasema ugonjwa ulitoka kwenye birika letu la udhu. Watu walikusanyika Ijumaa, wakatawadha, wakaugua."

Makala ikawafikia wakubwa wa serikali, wakaamuru birika livunjwe. Katika makala nzima jina mlilolijua lilikuwa langu peke yake, na ni mimi niliyewaonyesha.

Hapa sitawabembeleza. Mliniita muuza msikiti. Salamu yangu mliiitikia mkitazama chini. Niliposimama kwenye safu, kushoto na kulia palibaki wazi. Arobaini ya marehemu mke wangu nilipika sufuria mbili za pilau, na moja ilirudi jikoni haijafunuliwa. Nikaacha kuja. Mwaka mzima na zaidi nilisali chumbani, mimi niliyezoea safu ya kwanza.

Aliyenitoa ni mkunga niliyefanya naye kazi kituoni. Aliingia bila kusubiri karibu.

"Shemeji, utafungiwa humu mpaka lini, kama mwali?"

"Mpaka nife."

"Na ukifa nani atakuosha? Huyo daktari wako?"

Akadai nakala za kitabu, maana alijua ninazo. Akafunua huku akinung'unika, kisha kidole chake kikasimama.

"Huyu mama wa mapacha nilimpokea mimi, Alhamisi, jua limezama sasa hivi. Mbona umemtia Ijumaa?"

Nikamjibu kwa hasira, "Kwa sababu magharibi ilikwisha adhiniwa!"

Halafu nikauvuta ukurasa, nikausoma upya.

Ndugu zangu, kwa serikali siku huisha usiku wa manane. Kwetu sisi, jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia. Miaka yote ile, adhana ya magharibi ikilia, mimi niligeuza ukurasa. Kitabu hakikuwa na safu ya saa, na popote sikuandika kwamba ndivyo ninavyohesabu. Tukapitia majina moja moja, tukiwauliza wenyewe au jamaa zao. Wengi wa wale wa Ijumaa waliletwa jioni ya Alhamisi. Walikwisha ugua kabla mtu yeyote hajatia mkono birikani kwa swala ile.

Nikampigia daktari.

"Mzee," akasema, "makala hii imenukuliwa na watafiti dunia nzima. Ndiyo iliyonipa cheo. Unataka niibomoe kwa ajili ya adhana?"

"Nataka uisahihishe kwa sababu si kweli."

"Kosa ni la kitabu chako."

"Kosa la kitabu ni langu, nitalitia saini. Lako ni kwamba ulikunywa chai yangu usiniulize swali hata moja."

Akakata simu.

Tukaliandikia jarida lenyewe, mwalimu akitafsiri, mkunga akitia saini chini ya yangu. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa dharau. Ya tatu niliambatanisha nakala za kurasa zote na maelezo ya kila mgonjwa tuliyempata. Mwishowe wakachapa masahihisho. Nikayapeleka kwa wakubwa, nikakaa kwenye benchi lao asubuhi baada ya asubuhi, mpaka ruhusa ya kujenga tena ikatoka.

Namshukuru mkunga, aliye upande wa akina mama na ambaye bila shaka ananicheka. Namshukuru mwalimu. Daktari simshukuru, na baadhi yenu bado siwashukuru. Mwenyezi Mungu anilainishe moyo. Funzo langu ni dogo: anayeandika aeleze anavyohesabu, na anayesoma amuulize aliyeandika.

Jana nilimwomba mwalimu atazame tena kwenye mtandao. Makala ya birika bado inanukuliwa. Masahihisho hayajanukuliwa na mtu hata mmoja.

Basi yanukuuni nyinyi. Mliipokea makala kutoka mkononi mwangu mkaieneza mji mzima bila kuisoma. Masahihisho haya nimewaeleza wazi. Tokeni nayo mlangoni.