Tata Kifungo Aenda Kwenye Mawimbi

Benchi letu liko Manika, hapa Kolwezi, pale njia ya soko inapokata kona, mbele ya meza ya Mama Micheline, muuza kahawa. Lina miguu minne, mmoja mfupi, na huo mfupi uko upande wangu, sijui kwa kosa gani. Asubuhi hukaa hapo Satellite, jina lake Ruffin, dereva wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, anayejua mambo ya dunia nzima isipokuwa njia ya mkato. Hukaa Trente Mètres, yaani Ezéchiel, kijana mchimbaji wa kobalti anayedai amewahi kushuka mita thelathini, ingawa ukimpa kikombe cha pili zinafika arobaini. Na hukaa mzee wetu, Tata Kalombo, muuza vitenge, Mluba wa watu, ambaye tunamwita Kifungo kwa sababu hufunga shati hadi shingoni hata mwezi wa kumi, jua likikaanga mabati. Juu ya shati huvaa koti.

Siku ile Kifungo alikuja na habari, akangoja tumalize kupuliza kahawa ndipo akaitoa.

Kifungo: Batoto baliniita. Mi nakwenda vakansi ku bahari, kupumuzika wiki mbili. Bus mpaka Dilolo, navuka mupaka, kisha treni mpaka Lobito, kule Angola.

Micheline: Tata, kule utafanya nini?

Kifungo: Mukwe wangu Dimitri, bwana ya mutoto wangu Glodie, anafundishaka batu kusimama juu ya mubao mu mawimbi. Njo kazi yake. Banamulipa.

Trente Mètres: Banamulipa juu ya kusimama?

Kifungo: Anasema na mi atanifundisha. Lakini mi nakwenda juu ya mutoto. Glodie alizaa mwana mwanamuke, akamupa jina ya muke wangu. Mianda. Iko na miaka tatu, na mi siyamuonaka. Jina ya muke wangu iko inatembea kule, mi niko hapa nauzisha bitenge.

Marehemu Mama Mianda tulimzika sote, na tangu siku hiyo mzee huyu anacheka kwa kukopa. Nilimwonea huruma. Ila Satellite huzuni humuwasha kama upupu, akaikata.

Satellite: Tata, kwanza ujue wimbi ni nini. Mi niliona yote mu telefone. Treni inapeleka shaba yetu ku bahari, kila siku. Meli inapakia, inakuwa nzito, inashuka. Mayi itaenda wapi? Inakimbia pembeni. Njo wimbi.

Trente Mètres: Bongo. Unadanganya.

Satellite: Kusema wimbi ni ya Kolwezi. Bakikuomba bei, Tata, ukatale. Unasimama juu ya bintu byetu.

Trente Mètres: Bongo tupu. Wimbi ni pumzi ya udongo. Hata shimo inapumuaka, ukiwa chini unasikia. Njo maana hatushukake bila kamba. Tata afunge kamba mu kiuno, mutu mumoja abakie inje, ashike. Tata akivuta mara mbili, tunamutosha inje.

Micheline: Nani atashika?

Trente Mètres: Mi.

Micheline: Kumbe na weye unaenda vakansi.

Trente Mètres: Haiko vakansi, Mama. Ni usalama.

Micheline: Mi naogopa chumvi. Mutu akikaa mu ile mayi wiki mbili, anatoka makayabu, samaki ya kukausha na chumvi. Na makayabu, nani alishaiona inarudi kwabo? Inafikaka mu sufuria tu.

Satellite akasema hatari kubwa si chumvi, ni aibu. Kwamba Waangola wakimwona mzee wa Kolwezi anaanguka, watasema nchi nzima haina miguu. Ni lazima ajifunze hapa hapa. Akatuinua wote, akampandisha Kifungo juu ya benchi, peku, koti mwilini. Na kwa kweli ule mguu mfupi ulifanya kazi ambayo sijawahi kuuona ukiifanya: ubao ulipanda, ukashuka, ukapanda.

Satellite: Kunja magoti, Tata. Mwenye kutafuta bya munsi ya kitanda, ainame.

Kifungo: Magoti yangu haitaki tena, mwana.

Satellite: Samaki, ukunje ikingali mubichi.

Micheline: Huyu alishakuwa makayabu.

Na mimi, nisije nikaonekana sina shule, nikasema mwenda pole hajikwai. Sijui kwa nini Trente Mètres aliona hiyo ni amri. Alishika ncha ya benchi akaitikisa kwa mikono yake ya kuvuta magunia ya mawe. Benchi likaruka, likagonga meza, birika likaenda chini na kahawa yote ya asubuhi ikashika njia ya soko. Kifungo aliyumba, akapepesuka, akabaki amesimama.

Kifungo: Mulinionaka? Nilisimama.

Akacheka mpaka akashika mbavu. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba, na nilifurahi hata nikasahau kikombe changu kilikuwa kitupu.

Satellite alitazama lile ziwa la kahawa, akasema haba na haba hujaza kibaba. Mama Micheline alimtazama, akaliokota birika.

Hapo ndipo alipotokea Mado, mama aliyepanga juzi nyumba ya pili kutoka kona. Alikuja na chupa yake ya chai kununulia wageni kahawa, akamkuta mzee mwenye koti amesimama peku juu ya benchi. Tulimweleza wote kwa pamoja: treni, kamba, pumzi ya udongo, mjukuu, mkwe mwalimu wa mawimbi. Mado alisikiliza mpaka mwisho.

Mado: Na huyu mukwe, akiwa mu mayi, anavalaka nini?

Jibu tulilijua, Satellite alikwisha kuliona kwenye simu yake, lakini nani alitamke mbele ya baba mkwe? Kwa Waluba, mkwe na baba wa mke wake hawaonani mwili. Ni haya, na haya hiyo ni heshima. Tangu posa, Kifungo hajawahi kumwona Dimitri bila koti, na Dimitri hajawahi kuliona koo la Kifungo. Na sasa wote wawili wamekubaliana kukutana ndani ya maji, kwa kaptula. Furaha ya vakansi iliwalevya hata hawakufikiri.

Kifungo alishuka. Akakaa, akavaa viatu vyake polepole, kimoja, kisha kingine. Nilimchukia Mado kidogo, nakiri. Niliona safari imekufa, na yule mtoto atakua na jina la bibi yake bila babu wa kumwambia lilikuwa la nani.

Trente Mètres: Tata, labda mukwe aseme yuko mugonjwa.

Kifungo: Wiki mbili? Batoto batakula nini?

Alifunga kamba za kiatu cha pili. Kisha akainua kichwa.

Kifungo: Pale pembeni ya bahari, kuko kiti?

Satellite: Biko, Tata. Bya plastiki.

Kifungo: Basi. Nitaikala, nipe bahari mugongo. Dimitri afanye kazi yake kule nyuma. Mianda nitamuweka ku magoti, aniangalie mi, na juu ya bega yangu aone mayi. Aniambie mawimbi iko inafanya nini.

Micheline: Mutoto wa kule anasemaka Kireno tu, Tata.

Kifungo: Nitaitika.