Wagawa Kazi Wawili

Muuguzi aliyeketi kando ya dirisha la treni alijitia hamnazo, lakini masikio aliyatega. Mafundi wawili wa kompyuta mbele yake walikuwa wametambuana punde tu: kila mmoja ameandika programu huria ya kugawa kazi kati ya seva, zile kompyuta kuu zinazohudumia nyingine.

"Hospitali ilikuwa na yangu. Nani kakutuma uweke yako juu yake?"

"Yako ilielemewa, kaka!"

"Wapi! Yako inanisukumia kazi, yangu inakurudishia. Tangu asubuhi maabara haijatoa hata jibu moja!"

Muuguzi aliikumbuka wodi yake katika hospitali hiyohiyo, imejaa wagonjwa wasiojua wanaumwa nini, akasaga meno. Treni ikasimama, milango miwili ikafunguka. Wagawa kazi wakauvamia mmoja, wakakwama bega kwa bega. Muuguzi akashukia ule mwingine, uliokuwa mtupu kabisa.