Mama Gusa na Meza Isiyo na Kioo

Sauti ya kwanza niliyoisikia nilipoajiriwa hapa ilikuwa mkwaruzo wa jiwe juu ya jiwe. Nilikuwa ghalani nikijifunza kuandika lebo, na sauti ikipanda kutoka chumba cha chini, taratibu, ikikatika na kuanza tena. Nilidhani mafundi wanakwangua ukuta. Kumbe ni wanafunzi wa darasa la tatu, wamepiga magoti kulizunguka jiwe la kusagia, wakipokezana. Kando yao alisimama mama mfupi mwenye aproni ya buluu, akisema, "Sukuma kwa bega, mwanangu, si kwa vidole."

Mama huyo ndiye tunayemuaga. Baada ya kuyatumikia makumbusho haya kwa miaka thelathini na mmoja, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kwenye barua za ofisi ana cheo kirefu cha mratibu wa ziara za shule. Kwetu sote yeye ni Mama Gusa.

Alianza mlangoni, akikata tiketi. Siku hizo kila chumba kilikuwa na kibao cha "Usiguse". Husimulia kwamba watoto walishuka kwenye basi wakiruka, kisha wakatoka humu kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa. Akamfuata mkurugenzi wa wakati ule kuomba meza moja tu ya vitu vya kushikwa. Alipoulizwa kitu kikivunjika itakuwaje, alijibu kwamba kitaungwa. Chungu kilivunjika kweli mwaka uleule, na darasa zima likarudi wiki iliyofuata kukiunga. Bado kipo mezani, kimejaa mishono kama mpira wa zamani.

Kisa tunachokipenda zaidi ni cha bakuli la mlinzi. Asubuhi moja mlinzi aliacha chakula chake juu ya meza ile akakimbilia kufungua geti, maana basi la shule lilikuwa limefika. Aliporudi, watoto walikuwa wamelizingira bakuli wakilinusa kwa zamu, na msichana mmoja akieleza kwa uhakika kwamba watu wa kale walipenda sana maharage. Mlinzi alisimama pale, njaa inamuuma, asithubutu kudai mali yake mbele ya wataalamu. Mama Gusa hakumwokoa. "Subiri kidogo, kaka," alimnong'oneza, "wanakaribia kupata jibu."

Tangu siku hiyo, katika kila ziara yeye huficha kitu kimoja cha leo kati ya vile vya kale, na watoto hukitafuta na kueleza wamejuaje. Mlinzi hudai mpaka sasa kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa mbinu hiyo na kwamba hajawahi kupewa hata makofi. Basi tumpigie leo. Naye mume wa Mama Gusa hulalamika kuwa nyumbani hawezi kuokota kijiko bila kuulizwa kilitengenezwaje. Baadhi ya walimu wanaotuletea madarasa leo walilisukuma jiwe lile wakiwa wadogo, na bado huomba zamu yao.

Mwezi uliopita fundi kioo alikuja kuipima meza. Uongozi haukuwa na nia mbaya: bila mtu wa kukaa na watoto, vitu lazima vifunikwe, na hakuna aliyekuwa ameiomba nafasi hiyo. Mama Gusa alimshikia fundi ncha ya futi. Fundi alipoondoka, alichukua kitambaa akalifuta jiwe, akalifuta tena, ingawa lilikuwa safi.

Mama, tunakushukuru kwa kelele zote ulizotuletea humu ndani. Nenda ukapumzike, ulale mpaka jua likuchoke. Tunakuombea afya njema, miguu isiyouma, na mzee mwenye subira kuhusu vijiko.

Mimi ni mtu wa ghalani. Watoto wengi kwa pamoja hunitia hofu, na wenzangu wanalijua hilo. Hata hivyo, Jumatatu nilimpelekea mkurugenzi maombi ya nafasi yako, akayakubali, na mchana ule nikampigia fundi simu kwamba kioo hakihitajiki tena. Ile aproni yako ya akiba, iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango, nimeifua. Na kwa kuwa mimi ni mrefu, nimeshaishusha pindo.