Beldina Akeyo Hakuwa na Mimba

Beldina Akeyo hakuwa na mume, alimzika zamani. Hakuwa na shamba, wala nyumba isiyo ya kampuni ya chai. Hakuwa na ndugu karibu. Na, wasikilizaji wapendwa, hakuwa na mimba. Narudia kwa makusudi: Beldina Akeyo hakuwa na mimba.

Mama huyu alitoka pande za ziwa, akachuma chai hapa Kericho tangu ujana wake. Mwaka jana tumbo lake lilianza kuvimba. Alilificha chini ya aproni ya plastiki, lakini wachumaji wenzake wana macho.

"Mama Molly, huyo atazaliwa na kikapu mgongoni," Chepngetich alimtania.

"Basi atawashinda nyinyi wavivu," akajibu. Wenzake wakacheka. Yeye akarudi kwenye majani.

Kanisani hakukuwa na mzaha. Tecla, mwenyekiti wa akina mama, alimwita kando. "Dada, weka kando sare yetu kwanza. Ukijifungua tutaongea." Jumapili iliyofuata jina lake likasomwa mbele ya watu, miongoni mwa waliotengwa.

Tangu hapo aliogopa hata zahanati. Kwenda na tumbo lile aliona ni kama kukiri. Maumivu aliyameza pamoja na chai ya rangi, hadi bintiye Molly alipomkuta amejikunja sakafuni.

Hospitalini akapigwa picha ya tumbo.

"Mama, hapa hakuna mtoto," daktari alisema. "Ni uvimbe wa maji. Umeota kwenye utando unaoshika matumbo. Ni nadra sana. Ukiwahiwa, hutolewa mzima na mtu akapona."

Haukuwahiwa. Ulikuwa umepasuka, usaha umeenea. Walimpasua, wakamsafisha, wakampa dawa. Alipozinduka alimuuliza Molly jambo moja: "Umewaambia kanisani?"

"Nilimdanganya," Molly anasema. "Nilisema wamejua, na wanamngoja."

Alifariki Jumatano. Akina mama wametuma ujumbe kwamba wataimba mazishini.

Molly na jamaa wote, poleni sana. Nasi wengine, tumbo la mwenzetu likivimba, tumpeleke kwa daktari. Swali la baba ni nani linaweza kungoja.

Leo asubuhi Molly alimwandikia Tecla barua. "Msije kuimba. Jumapili simameni pale mliposomea jina la mama, mseme alikuwa mgonjwa." Pale chini, mahali pa "wako katika Bwana", aliandika jina lake tu. Akailamba bahasha, akaifunga, akampa mtu wa boda aipeleke.