Kochi la Ghorofa ya Tatu

Benchi lenyewe lilikuwa kochi zamani. Mwenyewe alihama mtaa asirudi kulichukua, Fundi Kochi akalivua kitambaa, akatoa sponji na springi, zikabaki mbao na mgongo, akaliweka nje ya karakana yake penye kona ya barabara. Tangu siku hiyo halijapata nafasi ya kupoa. Kuna Rula, mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hata kikombe cha kahawa anakishika wima kama anapima kitu. Kuna Wakili, ambaye hajasomea sheria hata siku moja, ila aliitwa mahakamani mara mbili kutoa ushahidi, na mara zote mbili hakimu alimwomba afupishe. Kuna Betri, fundi simu wa kibanda cha jirani. Na kuna Birika, muuza kahawa, ambaye akishafika pale asubuhi anasahau kabisa kwamba kahawa ni ya kutembeza. Fundi Kochi hufanya kazi yake mlangoni, misumari mdomoni, kwa hiyo husikia mengi na kusema machache.

Asubuhi hiyo hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni, na bado alikuwa kimya. Mfukoni mwa shati kulikuwa na fomu ya chuo ya binti yake. Ilitaka sahihi ya mzazi, na ilitakiwa ifike chuoni kabla ya saa sita mchana, siku hiyohiyo. Saa nne ilikuwa imeshapita.

— Tulipoishia jana, — alisema Rula, — tulikubaliana kwamba binti aende chuo.

— Tulikubaliana na nani? — Betri aliruka. — Wewe ulikubaliana na kikombe chako. Mwalimu, yule binti anataka kutengeneza gemu, hataki kuwa waziri. Gemu ni kompyuta. Umewahi kuona kompyuta inamwambia mtu "nioneshe cheti kwanza"?

— Na wale vijana wa juu ya duka la dawa wanamtaka kazini Jumatatu, — Birika aliongeza huku akimimina. — Wanatengeneza gemu, wana meza, wana feni. Digrii hata hawajaiuliza. Mtegemea cha nduguye hufa maskini!

— Chuo kimekuwa ndugu yake lini? — aliuliza Wakili.

— Methali haiulizwi maswali, mzee. Kunywa kahawa.

Fundi Kochi alicheka kidogo. Aliupenda huu ubishi wao, na kwa kweli aliwapenda wenyewe pia, hata walipomchelewesha. Siku nane sasa walikuwa wanambebea shauri lake kama mzigo wa ndugu, kila mtu na upande wake, na hakuna aliyechoka. Aliendelea kupitisha mkono juu ya kochi jekundu lililokuwa limekamilika mlangoni, akitafuta pa kusahihisha na asipaone.

— Nisikilizeni, — Rula aliweka kikombe chini, dalili mbaya. — Kwenye gemu mtu anaruka, sivyo? Anaruka, anakwenda juu, anarudi chini. Nani anamrudisha chini? Hesabu! Asiyesoma akitengeneza mtu wake, ataruka leo, na mwakani bado yuko juu. Wachezaji wanamsubiri. Watu wanazeeka na simu mkononi.

— Anamwandikia tu "shuka", — alisema Betri.

— Kwa kasi gani?

— Kasi ya kushuka!

— Mnaona? — Rula aliwageukia wengine. — Mnaona hasara ya kuacha shule?

Wakili alijikohoza. Wote walijua kikohozi hicho. Ndicho kilichomchosha hakimu.

— Ninyi mnaongea juujuu. Mimi nauliza upande wa sheria. Kwenye gemu watu wanakufa, hawafi?

— Wanakufa sana.

— Basi. Mtu akifia kwenye gemu ya mwenye digrii, hiyo ni ajali kazini. Akifia kwenye gemu ya asiye na digrii, hayo ni mauaji. Maji yakimwagika hayazoleki, waheshimiwa.

— Lakini wanafufuka! — Birika alipiga kelele. — Wana roho tatu tatu!

— Ndiyo kusema ni mauaji mara tatu. Binti wa watu atafungwa maisha.

Betri alikunja miguu juu ya benchi akicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Kisha akaapa kwamba gemu zote nzuri zimetengenezwa na watu wasiopata usingizi, na chuo kazi yake ni kuwalaza watu, mtu analala kwenye ukumbi wa masomo miaka minne halafu anapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba ameamka. Birika, ambaye dakika tano kabla alikuwa upande wake, akahama.

— Mimi naona aende, asome polepole. Bandu bandu huisha gogo.

— Na gogo likiisha kinabaki nini?

— Kinabaki cheti. Mimi nimechemsha kahawa miaka kumi na tisa bila cheti.

— Na inajulikana, — alisema Wakili, akitazama ndani ya kikombe.

Fundi aliitoa fomu, akaikunjua, akaikunja. Kilichomsumbua hakikuwa hesabu wala sheria. Yeye aliacha shule mapema, akajifunza kwa mjomba wake kwa kushika taa na kutazama. Leo ukimpa springi arobaini na kamba, atakufungia kochi ambalo mjukuu wako atalirithi. Lakini ukimuuliza kwa nini kamba unaivuta hapa na unailegeza pale, anakosa la kusema. Mikono inajua, mdomo haujui. Aibu hiyo aliizoea kwa nafsi yake. Kwa mwanawe aliiogopa. Ila aliogopa pia kumsukumia mtoto shule aliyoikosa yeye, amtoe kwenye meza yenye feni, kisha iwe majuto.

Pikapu ilisimama. Akashuka mama mmoja mnene, mchangamfu, mkunga wa zahanati, mwenye kochi jekundu. Shemeji yake alibaki kwenye usukani.

— Hamjambo, baba zangu? Kochi langu lipo?

— Hatujambo, mama. Lipo, — alisema Fundi. — Kalia kwanza.

— Nina haraka, fundi. Nimeliona, zuri sana.

— Kwangu kochi halitoki mlangoni mwenyewe hajalikalia. Kochi halisifiwi kwa macho, mama. Kalia.

Sheria hiyo mtaa mzima uliijua. Mkunga alikaa, akajivuta nyuma, akafumba macho, akatoa sauti ambayo wanaume wanne waliisikia kwa wivu. Akaomba na kahawa papo hapo. Haraka yake ilikwisha.

— Mnagombania nini? Nimewasikia tangu kule.

Wakamweleza wote kwa pamoja: binti, gemu, chuo, vijana wa juu ya duka la dawa, mtu aliyeruka asirudi, mauaji mara tatu. Mkunga alisikiliza kama anavyosikiliza wajawazito, bila kumkatiza mtu.

— Ameshatengeneza gemu yoyote?

— Ameshatengeneza! — alisema Betri. — Mwenyewe, peke yake.

— Ikoje?

Betri alimtazama Rula. Rula alimtazama Wakili. Wakili alijikohoza, lakini safari hii baada ya kikohozi hakikufuata kitu. Birika akaanza kufuta mdomo wa birika lake, ambao haukuwa na uchafu.

— Yaani siku nane, — mkunga alisema, — hakuna aliyeicheza?

Fundi Kochi alihisi masikio yanawaka moto. Kwa sababu gemu ilikuwa kwenye simu yake. Binti aliiweka mwenyewe siku ileile aliyoleta fomu, akamwambia, "Baba, cheza kwanza, halafu usaini au usisaini. Utakaloamua nitalifuata." Alikuwa ameifungua mara moja, usiku wa siku hiyo, akaona picha inamsubiri afanye kitu, akaona aibu kushindwa na simu, akaifunga. Badala yake akaja kuuliza benchi. Yeye, ambaye hamruhusu mtu kusifu kochi asilolikalia.

— Ninayo hapa, — alisema, na sauti ilitoka ndogo.

Wakamzunguka. Wakili alisimama juu ya benchi apate kuona. Simu ikaimba wimbo mfupi, kisha ikatokea ngazi nyembamba ya jengo la ghorofa, na watu wawili wamebeba kochi. Mmoja mrefu, ana kipara na penseli sikioni. Wa mbele ni msichana mdogo wa nywele za mabutu.

— Si wewe huyo! — alisema Birika.

Fundi alikuwa anaikumbuka ile ngazi. Siku zile mke wake alikuwa kazini, hakukuwa na wa kumwachia mtoto, basi alikwenda naye kupeleka makochi, na binti wa miaka saba alishika upande wake wa kochi kwa vidole viwili na kutoa amri: kulia baba, kushoto baba, polepole.

Kwenye gemu kazi ilikuwa hiyo tu, kupandisha kochi bila kugonga ukuta. Ghorofa ya kwanza Fundi aligonga mara nne, watu wa milangoni wakamfokea. Kwenye kona ya ghorofa ya pili alikwama kabisa.

— Rudi nyuma! — Betri alielekeza.

— Pinda nyuzi arobaini na tano! — alisema Rula.

— Dai fidia kwa mwenye jengo, — alisema Wakili.

— Nyamazeni, — alisema Fundi, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema neno hilo. — Hapa kochi linasimamishwa wima.

Akajaribu kwa kidole gumba. Kochi likasimama wima, likazunguka kwa mgongo, likapita. Lile pale. Kila kitu alichokifanya kwa mikono kwenye kona elfu moja, mtoto alikuwa amekitazama na kukiweka humo. Machozi yalimlenga, akayaacha yamlenge. Ghorofa ya tatu walifika, mlango ukafunguka, kochi likawekwa chini.

Na likaruka. Likarudi chini, likaruka tena, likaendelea kudundadunda pale sebuleni. Watu wote walicheka. Mkunga alicheka mpaka akashika kiuno.

Fundi Kochi peke yake hakucheka. Alikunja uso. Akampigia binti, akaweka sauti ya nje.

— Mama, — alisema, kwani binti alipewa jina la mama mzazi wa Fundi. — Kochi lako linadunda.

— Umefika ghorofa ya tatu?

— Nimefika. Linadunda kama mpira. Springi haifanyi hivyo. Springi inapokea mzigo, inatulia. Hiyo haijafungwa.

— Umeliona, — alisema binti. — Wote niliowapa wanacheka, wanasema niliache hivyohivyo, linafurahisha. Wale wa juu ya duka la dawa nao hawajui kulituliza. Nikasema nikupe wewe. Baba asipoliona, basi halina neno, Jumatatu naanza kazi.

— Sasa kwa nini hukulifunga?

— Siwezi, baba. Unakumbuka nilikuuliza unajuaje kamba ivutwe kiasi gani? Ukaniambia unasikia tu mkononi. Miezi miwili najaribu. Mkono wako siwezi kuuandika kwenye kompyuta. Ina hesabu yake, na pale chuoni yupo mwalimu anayeifundisha, mwaka wa pili.

Rula alifungua mdomo. Mkunga akamtazama, naye Rula akaufunga.

— Kwa hiyo unataka kwenda, — alisema Fundi.

— Nataka. Nilikuwa naogopa nakwenda kwa sababu ya cheti tu. Wale vijana nitawaomba niwe nakuja Jumamosi.

Fundi alichomoa penseli sikioni, akairudisha, akaazima kalamu ya Betri. Alisaini fomu juu ya mgongo wa kochi jekundu, sahihi kubwa kupita mstari. Furaha ilikuwa imemjaa, na hakujaribu kuificha.

— Nilisema mimi! — Rula alilipuka. — Hesabu!

— Ulisema nini? — Betri alimjibu. — Gemu ameitengeneza bila digrii, tumeiona kwa macho!

— Na hakuna aliyekufa, — alisema Birika, ambaye tayari alikuwa ameichukua simu.

— Bado, — alisema Wakili.

Mkunga alisema zahanati yake haiko mbali na chuo, fundi apande, watamshusha getini. Kisha akauliza nani anambebea kochi. Wanaume ambao punde walikuwa wanaelekeza kwa sauti ngazi nzima wakagundua vikombe vyao. Fundi na shemeji wakalibeba wawili. Kwenye mlango wa nyuma wa pikapu Wakili aliwaambia walisimamishe wima, bila yeye kunyanyuka.

Fundi Kochi aliketi nyuma, juu ya kochi jekundu, fomu mfukoni, akiwa amesahau simu. Gari lilipoanza kuondoka Rula alikimbia hatua tatu.

— Fundi! Tuambie basi, tufunge mjadala! Mtu wa gemu anahitaji digrii au hahitaji?

— Chezeni kwanza! — alijibu Fundi.

Rula akarudi kwenye benchi, akanyoosha kikombe kwa Birika amimine. Birika hakugeuka. Alikuwa kwenye kona ya ghorofa ya pili, kochi limekwama, na birika lake lilikuwa limekaukia juu ya mkaa.