Mkoba Huu Hauwekwi Mezani

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Mkuu, wakuu wa idara, wenzangu wa maabara, na wewe dada yangu uliyekaa mbele kuliko kadi yako inavyoruhusu: salamu zenu nyote.

Nimepewa dakika tatu za kuaga. Miaka thelathini na moja nimepeleka majibu ya vipimo kutoka maabara hadi wodini, nikishindana na lifti na kuishinda, hata ilipokuwa mpya, leo nipewe dakika tatu? Haya.

Mkurugenzi, umesema baada yangu hakuna tarishi tena. Majibu yatawekwa kwenye trei, kila wodi ijichukulie. Nakuuliza mbele ya watu: ulikuwa wapi mwaka ule trei ilipojaribiwa? Majibu ya mama mmoja yalilala siku mbili chini ya gazeti. Niliyaona mimi, nikapanda ngazi nne nne, nikamkabidhi daktari mkononi, na kama kawaida yangu sikubanduka.

"Soma jina kwa sauti."

"Mzee, nina kazi."

"Na hii ndiyo yangu. Soma."

Akasoma, akaruka kitini. Yule mama ndiye fundi aliyeshona koti hili mnaloliona.

Mpwa wangu huyu, mtaalamu wa kinga ya mwili, kanieleza: seli ya doria ikikamata kijidudu, hukivunja, hubeba kipande chake hadi kwenye tezi, ikakigusisha kwa seli askari mmoja mmoja mpaka apatikane anayekitambua. Haikiachi mlangoni ikaenda zake! Na bado: pasipo mguso wa pili wa kuthibitisha, askari haamki. Usinikonyeze, mpwa wangu, najua seli zinaitana kwa mbali pia. Lakini amri hii ya kuamka ni ya kugusana. Sasa huo mguso wa pili, kama si "soma jina", ni nini? Sisemi mwili uliniiga mimi. Nasema hatukuwahi kushauriana, na tukafikia jambo moja.

Ratiba inasema sasa niweke mkoba mezani. Siweki. Mkurugenzi, lete mkono. Mkono wako mwenyewe, si wa katibu. Ndiyo hivyo. Humo kuna jibu moja, limetoka nikiwa naitwa hapa mbele. Ni la wodi ya pili, na mgonjwa analisubiri. Mpe daktari mkononi, na usiondoke mpaka asome jina.

Nawashukuru nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Mimi nakaa. Mkurugenzi, ngazi ziko kushoto.